Ugali Ambao Sikuuonja

Mume wangu alitengwa na Meza ya Bwana kwa sababu ya nyama ya mbuzi. Alivuka mpaka pale Tunduma kwenda kumzika baba yake, na ndugu zake wakachinja mbuzi kwa ajili ya mizimu. Alikula kidogo, kwa kuwa kukataa chakula cha msiba ni kuwakana ndugu. Aliporudi Mbozi alieleza mwenyewe, hakuna aliyemchongea.

Masika yale akashikwa na kichomi. Akaomba mkate na kikombe kabla hajafa. Mchungaji hakwenda kwa mtu aliyetengwa ila kwa neno la mzee wa kanisa, basi nikamfuata mzee wetu shambani, nikapiga magoti kwenye tope.

"Alikula na mizimu," akasema, huku akiendelea kupalilia kahawa yake. "Mizimu imlishe."

Mume wangu akafa hivyo, akazikwa nje ya makaburi ya Wakristo.

Tulifundishwa kwamba wanaokula pamoja wamekuwa mwili mmoja. Niliamini, na bado naamini. Ndiyo maana nilijua pa kumpiga yule mzee.

Baada ya mavuno ikaja karamu ya upendo ya kanisa. Wanawake tulipika, nami nikaomba kumhudumia mzee. Watu wakasifu, wakasema mjane amesamehe. Sikuwa nimesamehe.

Nikamwekea ugali wa ulezi na kuku. Kwetu anayeleta chakula humega kwanza na kula, mgeni aone hakina sumu. Mimi sikumega. Nilipiga magoti, nikamsogezea sahani.

Mzee akanawa, akangoja. "Mama, mbona huonji?"

"Baba, hii ni karamu ya upendo. Kwani kwenye Meza ya Bwana nani hutuonjea?"

Bibi mmoja nyuma yangu akacheka. "Kula, mzee! Au imani umeiacha kwenye kahawa?"

Akamega tonge, akalirudisha. Jasho likamtoka. Yeye aliyetuhubiria kwamba Mkristo haogopi uchawi aliogopa sahani ya mjane. Akainuka, akasema tumbo linamsumbua.

Nikaivuta sahani, nikala polepole mbele ya wote, mpaka nikaguguna mifupa. Hamkuwa na kitu ila chumvi.

Mume wangu bado amelala nje ya ua wa makaburi. Lakini tangu siku ile, kila mzee yule alipokaribishwa chakula, watoto walimwuliza kama kimeonjwa. Wangu walikuwamo. Sikuwakataza.