Nilimfuta Tata Kwenye Kitabu cha Mheshimiwa

Aliyekosa ni mimi. Si mheshimiwa, si wapambe wake, si siasa. Mimi! Ungamo hili nimeliandika na kulifuta mara nyingi kwa sababu sentensi hazikunipendeza, na huo ndio ugonjwa ulioniponza.

Kazi yangu ni kuandika vijitabu vya mazishi. Nina chumba kidogo Ruring'u, kompyuta moja na printa. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kusoma vijitabu vya wengine nikitafuta makosa yao. Nikiona koma imekaa vibaya, silali mpaka nichapishe upya.

Nililelewa na Tata, dada ya baba yangu, kule Wamagana. Ni mjane. Watu wa huko bado wanamwita Mama Bucha, ingawa bucha yenyewe ilifungwa kitambo na sasa yeye huchuma majani chai.

Siku moja tajiri mmoja mkubwa aliniita ofisini kwake. Ana vituo vya mafuta na maduka ya vifaa vya ujenzi, na alikuwa ameamua kugombea ubunge. Alinipokea akicheka.

"Kijana, ni wewe uliandika ile kitabu ya mazishi ya shemeji yangu? Ulinifanya nikalia, na huyo mtu nilikuwa simpendi hata kidogo! Sasa niandikie yangu, lakini mimi bado niko hai. Usinizike."

Akanisimulia maisha yake. Alianza kwa kununua mbuzi kwa wafugaji wa Doldol na kuwaleta Wamagana, ambako yeye na Tata walifungua bucha. Yeye alikuwa barabarani. Tata alichinjisha, akauza, akapika supu. Wakati mwingine walipanda lori pamoja kwenda kuchagua mbuzi, kwa sababu Tata alijua mbuzi mgonjwa kwa kumtazama tu.

"Kuna wakati mbuzi walikufa wote njiani," akaniambia. "Nikataka kuwacha hii biashara. Huyo mama akaniambia, 'Mwanaume, rudi Doldol, mimi nitashikilia hapa.' Usimsahau. Bila yeye ningekuwa nalima kabeji ya baba yangu."

Nilimpelekea Tata habari hiyo mbio. Loo, alivyofurahi! Akawaambia wanawake wote wa kikundi chao cha kanisa kwamba siku ya kuzindua kitabu angesomwa mbele ya watu. Akashona hata nguo.

Nikaanza kuandika. Kila nilipomwingiza Tata, hadithi iliyumba. Ilikuwa na watu wawili, na mimi nilitaka ya mmoja, inayopanda moja kwa moja kama kilima. Kisha nikaingiwa na hofu: wasomaji si watauliza huyu mwanamke alikuwa nani kwake? Nikaandika, "Alianza peke yake, na kisu kimoja." Nikaisoma kwa sauti. Ilikuwa tamu! Mungu nisamehe, ilikuwa tamu.

Nikajiambia Tata nitamweka kwenye shukrani, mwisho. Lakini kijitabu hukunjwa kwa kurasa nne nne, na ukurasa wa shukrani ukazidi. Nikautoa. Sikumwambia mtu. Tajiri hakusoma, alitazama picha zake tu, akasema nichapishe.

Kilizinduliwa uwanjani Wamagana. Tata alikaa safu ya pili na wenzake. Mshereheshaji akasoma kwa kipaza sauti, "Alianza peke yake!" Watu wakashangilia. Nikamwona Tata akifungua kurasa hadi mwisho, akarudi mwanzo, akaanza tena polepole.

Mwenzake mmoja akamwinamia. "Mama Bucha, na wewe uko page gani?"

Wakacheka. Tata naye akacheka kidogo. Kicheko kile mimi sitakisahau!

Nilichoogopa watu watauliza ndicho walichouliza, na chanzo ni mimi. Kumbe kama hakuwa na sehemu yake kwenye bucha, sokoni walisema, zile safari za kwenye lori zilikuwa za nini? Mwanamke mjane na mwanaume wa watu, ati wanaenda kuangalia mbuzi! Jina alilolilinda tangu mumewe afe likachafuka kwa mwezi mmoja. Akaacha kwenda kwa kikundi. Baadaye akaacha kwenda kanisani.

Nilirudi kwa tajiri nikamwomba nichapishe upya. Alikuwa ashasoma. Akanipiga begani.

"Wacha tu, kijana. Watu wameipenda. Hata mimi nimeanza kuiamini."

Akashinda. Sasa kila mazishi anayohudhuria anasimama na kusema alianza peke yake.

Lakini bado sijawaambia baya zaidi. Siku ya uzinduzi, tukirudi nyumbani, Tata aliniuliza swali moja.

"Ni yeye alikuambia unitoe?"

Nikasema ndiyo. Ndiyo! Kwa mwaka mzima amemchukia mtu aliyesema asisahauliwe, na amenipikia chakula mimi niliyemfuta.

Wiki jana nilimfuata kwenye majani chai nikamwambia ukweli. Aliendelea kuchuma mpaka akamaliza mstari. Kisha akasema, bila kunitazama, "Yeye ni mtu wa kura. Na wewe, nilikukosea nini?" Akavaa kikapu chake mgongoni, akaniacha nimesimama hapo.

Hakunikosea chochote. Aliharibu mpangilio wangu tu!

Nimemwomba mchungaji dakika mbili Jumapili hii, niwaambie wale wanawake kwamba Tata alikuwa nusu ya bucha ile, na kwamba mkono uliomtoa ni wangu. Amekubali. Naogopa sana, na Tata hajasema kama atakuja. Naandika hapa kwanza ili nisipate njia ya kutoroka.

Nawe unayeandikia watu maisha yao, wa kura au wa kaburi, nakuomba: kabla hujachapisha, nenda ukawasomee wale waliokuwepo. Wakikwambia umemwacha mtu, mrudishe, hata hadithi ikipinda. Usingoje kama mimi. Karatasi inachapishwa upya kwa siku moja. Mimi ya kwangu nimeshaichapisha upya, Tata akiwemo, iko hapa mezani, safi, bila kosa hata moja, na Tata amekataa kuishika.