Mwenyekiti wa Punda

Huku kwetu Gachoka jua ni lile la kufanya mbuzi wagombanie kivuli cha nguzo ya stima. Mfereji wa dispensari ukikohoa asubuhi na kutema konokono, basi umemaliza kazi ya mwezi. Maji ya wodi ya kina mama ilikuwa tuchote mtoni, sisi watu wa kamati, na kila mmoja wetu alikuwa na hakika kabisa kwamba ni mwenzake ataenda.

Ndio akaletwa sista mpya wa kusimamia, mtu wa kule Kiirua kwa baridi. Mfupi, lakini akiita mgonjwa, hata wazima wanaingia. Akatuita mkutano.

"Wazee, nani analeta maji hapa?"

Mikono yote ikapanda.

"Na jana nani alileta?"

Mikono ikashuka ikaingia mifukoni.

"Basi sikieni. Siwezi zalisha mtu bila maji. Hayo mapipa yakikauka tena, nafunga wodi, kina mama waende Embu."

Wenzangu walikuna ndevu tu, na mama pekee wa kamati akakunja leso. Mimi nilitoka jasho. Binti yangu alikuwa amerudi nyumbani kuzaa mtoto wa kwanza, na tumbo lilikuwa linafika mlangoni kabla yake mwenyewe. Embu si mbali ukiwa mzima. Ukiwa na uchungu, juu ya bodaboda, Embu iko Uganda.

Sista akasema tugawane kazi. Hapo sasa ndio vita. Kila mtu alitaka kuwa mwenyekiti. Tulibishana mpaka chai ikashika ngozi. Sista akatuangalia vile mtu huangalia mbuzi ndani ya mahindi, kisha akacheka.

"Sawa. Nyote ni wenyeviti. Mama, wewe ni mwenyekiti wa mapipa, unachungulia kila jioni. Mzee wa muguka, unayetafuna hayo majani ya kukesha tangu asubuhi, wewe ni wa mitungi, usiache itoboke. Na wewe mzee wa mdomo, mwenyekiti wa punda."

"Nasimamia punda wangapi, sista?"

"Mmoja. Huyo wako."

Na kila Ijumaa, ripoti. Nakuambia cheo ni dawa. Mtu aliyekuwa hajabeba hata kikombe akaanza kuziba mitungi na plastiki ya moto kama fundi wa ndege. Mama wa mapipa ndiye alikuwa mbaya zaidi. Ananifuata mpaka sokoni, mbele ya watu: "Mheshimiwa wa punda, pipa liko nusu." Watu wanacheka, mimi naenda mtoni.

Siku binti alishikwa na uchungu, nilikuwa huko mtoni na mwenyekiti wa mitungi. Simu ikalia, sista: "Mzee, mtoto wako yuko kwa kitanda, na wengine wamezaa usiku, pipa linaonyesha matako. Leta maji ama niite gari la Embu."

Tukapakia. Tulipofika katikati ya mlima, punda akalala chini kama mtu amelipia chumba. Nilimbembeleza na Kimbeere, nikamtukana na Kiswahili, nikamwombea kwa Kizungu ambacho sina. Akafunga macho.

Mwenyekiti wa mitungi akaguna, akatoa muguka mfukoni, fungu lake la siku nzima, akamwekea mdomoni.

"Tafuna, mheshimiwa."

Punda akatafuna. Macho yakafunguka. Akasimama, na huo mlima aliupanda hivi kwamba pikipiki ilitupisha. Sisi tulikuwa tunapepea nyuma kama nguo kwa kamba.

Tukamwaga maji kwa mapipa. Nikakaa kwa benchi, moyo unapiga mbio kuliko punda. Kidogo nikasikia kilio kimoja kikali, na mama wa mapipa akatokea mlangoni na tabasamu.

"Mwenyekiti, ni msichana, na mama yake ako sawa. Wameoshwa vizuri." Akafuta mikono na leso. "Sasa pipa liko nusu."

Nikamgeukia mzee wa mitungi. "Umebakisha muguka?"