Chaki ya Taya Nne kwa Kisima cha Adu

Niliondoka Adu Jumatatu alfajiri kwa sababu moja. Shafti ya pampu ya kisima chetu ilikuwa imelika, na shemeji yangu Kadzo, mjane mwenye magoti mabovu, alikuwa akiteka maji kwenye lambo lenye ukingo mtelezi. Baada ya kustaafu utumishi wa serikali nilikuwa nimenunua mashine ndogo ya kukerezea chuma, nikaletewa bila chaki, yaani kile kibanio chenye taya kinachoshika chuma kikizunguka.

Saa nne nilikuwa Malindi, kwenye duka la vipuri vya mashine, na muuzaji akanitolea chaki.

"Shikamoo mzee. Chukua hii kubwa. Kubwa ndiyo heshima."

Vipimo vya mashine yangu nilikuwa navyo kwa maandishi. Chaki ile ilikuwa kubwa mno, ingekwaruza kitako cha mashine. Nikaomba ndogo. Akaleta ya taya tatu zinazofunga kwa pamoja. Nikasoma namba zilizochongwa kwenye taya: moja, mbili, mbili. Zilipaswa kuwa moja, mbili, tatu, kwa maana kila taya ina mfereji wake. Zikichanganywa, hazikutani katikati.

"Namba ni urembo tu, babu."

Urembo! Nilitoka nimefura, nikaenda ofisi ya serikali ya biashara kuandika malalamiko juu ya duka lile, nakala tatu. Karani alisema muhuri kesho. Nikalala Malindi. Muhuri ukagongwa Jumanne saa sita.

Alasiri nilishuka Matsangoni kwa fundi Charo, niliyesoma naye. Mkono wake wa kushoto umebaki na vidole vitatu: siku moja aliwasha mashine akiwa amesahau ufunguo wa kukazia taya kwenye chaki, ukarushwa ukamkata. Nilipomweleza habari za barua, alicheka.

"Bwana afisa, wewe umestaafu, lakini ofisi haijakutoka!"

Kisha akawa makini. Taya tatu, alisema, ni nyepesi kwa chuma kipya cha mviringo. Shafti iliyolika si mviringo tena. Taya tatu zitaufuata ule ubovu. Taya nne husogezwa moja moja, hata chuma kikae sawa.

"Utachelewa, utatukana, lakini utajifunza. Na ufunguo usiuache hata ukiitwa na mkeo."

Aliniuzia yake ya zamani, ndogo, namba zote mahali pake.

Nililala kwake, na Jumatano saa tano asubuhi nilifika nyumbani. Kadzo alikuwa ameteleza lamboni alfajiri ile, nyonga imevunjika. Majirani walikuwa wamemlaza mkekani wakingoja gari la kumpeleka hospitali.

Nilihangaika na taya zile nne kutwa kucha, hadi shafti ikakerezwa sawa. Alhamisi asubuhi maji yalitoka.

Duka lile lilistahili barua, na msimamo huo sijaubadilisha. Lakini ningetoka pale moja kwa moja hadi Matsangoni, Jumatatu jioni ningekuwa nyumbani, na Jumanne jioni maji yangetoka. Nimejifunza kwamba haki yangu ingeweza kungoja, na magoti ya Kadzo hayakuweza.

Nilipompelekea maji ya kisima wodini, aliyanywa taratibu, akaniuliza, "Shemeji, ulichelewa na nini?"

Nilimwambia kweli. Nilikuwa nikingoja muhuri.