Wasifu Niliouandika Mapema

Jamani, mimi ndiye ninayechapa wasifu wa marehemu wengi hapa mtaani Ng'ambo. Mama mkwe alipozidiwa kule Kigwa, nikajifanya mwerevu, nikamwandikia wa kwake kabisa. Akapona. Nikausahau kwenye kompyuta.

Juzi nikaweka mfumo mpya kwenye kompyuta hiyo. Ukaniuliza kama upeleke mafaili yangu kwenye vifaa vyangu vyote. Mimi, mvivu wa kusoma, nikabonyeza "Kubali". Kumbe simu yangu ya zamani, niliyompa mama mkwe, bado ilikuwa na akaunti yangu.

Jana akapiga. Nikapokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesoma nilivyoishi, umeandika vizuri. Ila tarehe ya kufa umeiacha wazi. Niijaze mwenyewe?"