Kikohozi Kando ya Mto

Siku hizi thabai inauzwa. Yale majani yanayochoma miguu, ambayo zamani tuliyafyeka na kuyatupa, leo nayakuta sokoni Nakuru yamefungwa kwenye mifuko, na mama anayeyauza ananiapia kwamba yanaongeza damu. Juzi alinifungulia mfuko ninuse. Ile harufu mbichi ya majani na udongo wa mtoni ikanipanda puani, na vifundo vyangu vya miguu vikaanza kuwasha papo hapo. Sikununua. Mimi na thabai tuna kesi ya zamani, na ndani ya kesi hiyo yumo mwanamume anayeitwa Kimani.

Kimani alimwoa mama baada ya baba yangu kufariki, nikiwa darasa la nne, tukahamia kwake Kiamunyi. Nilimchukia. Nawaambia waziwazi kwa sababu hamtamfikishia, na hata mkimfikishia, anajua. Nilichukia alivyovuta chai kwa kelele. Nilichukia koti lake lililoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, likinuka viazi na dizeli. Zaidi ya yote nilichukia kwamba majirani walianza kumwita Baba Njeri. Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na Njeri ni mimi. Baba Njeri mwenyewe alikuwa amezikwa Dundori, kwenye shamba la cucu, nyanya yangu aliyemzaa baba. Niliona wamemvua jina lake na kumvisha mtu mwingine kama nguo ya mtumba.

Basi mimi sikumwita kitu. Si baba, si anko, si Kimani. Nikitumwa kumwambia chakula kiko tayari, nilisimama mlangoni nikakohoa. Mama alinifinya, akanifinya tena, mwishowe akachoka.

Kisha mama akapata mimba. Siku moja nikianua nguo niliwasikia majirani wawili upande wa pili wa shuka. "Huyu msichana ataenda kukaa na cucu yake," mmoja alisema. "Mwanaume akipata wake, wa mwenzake ni wa nini?" Mwenzake akacheka. Niliingia ndani nikakaa kitandani. Tangu siku hiyo nilingoja tu kupelekwa.

Jumamosi moja, tumbo la mama likiwa limekua hata kuinama hawezi, alitufukuza nyumbani sote wawili. "Endeni mtembee kule mtoni, na mrudi mkiongea!" Kule mtoni kulikuwa msitu wa serikali, juu ya Dundori, ambako njia ya watembeaji ilifuata mto hadi kwenye maporomoko. Kimani alichunga mbuzi huko utotoni, na aliupenda msitu ule jinsi wanaume wengine wanavyopenda mpira. Mimi niliwaza Dundori tu, kwa cucu. Siku imefika, nikajiambia. Nikatia sweta, gauni la kanisani na yunifomu ya shule kwenye begi.

Kimani aliliangalia begi lilivyovimba. "Hiyo yote ni lunch?" Nikalivaa mgongoni.

Kwenye lango la msitu, askari alimfahamu tangu zamani. "Niaje Kimani! Ama siku hizi nikuite Baba Njeri?"

"Hapana, boss," Kimani alisema, wala hakucheka. "Baba Njeri si mimi. Niite tu Kimani."

Ni maneno niliyotamani kuyasikia muda wote huo. Sasa nilipoyasikia, hayakunipa raha. Nilijua maana yake: alikuwa ananikana mbele ya watu, tena mapema, ili nisije nikajisahau.

Tuliingia msituni yeye mbele, mimi nyuma. Baridi ilikuwa ya kukera, matope yalininyonya viatu, na mto ulipiga kelele kana kwamba nao una ugomvi na mtu. Kimani alinionyesha mbega juu ya mti, mweusi na mweupe, mkia mrefu. Nikatazama chini. Alipoteremka ukingoni kunawa uso, niliamua kwamba sitapelekwa kwa cucu kama gunia. Ningejipeleka. Niliiacha njia, nikapanda kichakani na begi langu mgongoni.

Ukungu wa kule haupigi hodi. Mara miti ikapotea, mto nikausikia pande zote, nikateleza na kuangukia thabai hadi mapajani. Moto wake haueleweki kwa asiyeuonja. Nikiwa pale chini niliona kwamba mbele kidogo ardhi inaisha, ni korongo tupu na maji yanayonguruma. Nilitaka kupiga kelele. Nikafungua mdomo, na ndipo nilipogundua sina jina la kumwita. Nilikuwa nimeyakataa yote.

"Njeri! Njeri, wee!" Sauti yake ilipita mbali, ikazidi kwenda.

Nikakohoa. Nilikohoa kwa nguvu zangu zote, hadi machozi yakanitoka.

Kimya. Kisha, kutoka ndani ya ukungu, mtu akakohoa. Nikakohoa tena, naye akajibu, karibu zaidi, mpaka mikono yake ikanishika kwapani na kuninyanyua.

"Una kichwa ngumu sana wewe!" alifoka, bila kuniachilia. "Ungeanguka huko, ningemwambia mama yako nini?" Alinipaka matope ya mtoni miguuni kupoza moto wa thabai, huku akigomba. Kisha akalifungua begi atafute kitu kikavu cha kunifunika, akaiona yunifomu. Akaikunja upya. Alinivika sweta, akalifunga begi, akalibeba mwenyewe.

Tulipofika penye kona ya kwenda kwa cucu, tulipitiliza. Nyumbani Kiamunyi aliondoa koti lake kwenye msumari, akatundika pale yunifomu yangu.

Hatukuongea, na mama alikasirika. Ndugu yangu alizaliwa, na sikupelekwa popote. Lakini lile neno la langoni lilinichoma muda mrefu kuliko thabai. Nilikuwa mtu mzima, nikimenya viazi na cucu, nilipomweleza jinsi Kimani alivyonikana. Cucu aliweka kisu chini.

"Alikukana? Huyo mtu, kabla aoe mama yako, alikuja hapa akasimama kwa kaburi. Akaniambia, mama, mtoto nitalea, lakini jina la baba yake sichukui. Hiyo ni ya mwenyewe."

Mtadhani nililia. Nilikasirika! Miaka yote ile, alishindwa nini kuniambia?

Hata leo sijamwita baba, na yeye hajaomba. Nikifika Kiamunyi sibishi mlango wala siiti. Nasimama getini, nakohoa. Siku hizi masikio yake yamechoka, nangoja kidogo. Kisha namsikia ndani akikohoa, na komeo linafunguliwa.