Mheshimiwa Yuko Kikaoni

Krrr. Kengele ndogo ya mezani, kavu kama kikohozi cha mtu asiyeumwa. Waliowahi kukalia benchi la nje ya ofisi ya waziri husahau mengi, hata shida iliyowapeleka, lakini mlio huo hawausahau. Ulipolia, mwanamke aliyekaa nyuma ya meza kubwa alisimama, akanyoosha sketi, akauvuka mlango mzito uliopigwa ngozi, kisha akarudi na jibu. Mara nyingi jibu lilikuwa hapana, lakini hapana iliyopigwa pasi vizuri, kiasi kwamba mtu alishukuru na kushuka ngazi akidhani amepewa kitu.

Cheo chake kilikuwa kirefu kuliko mshahara wake: Msaidizi Mkuu wa Utawala, Ofisi ya Waziri. Watu walimwita Kizingiti. Walianza kumwita hivyo kisogoni, baadaye wakamwita usoni, naye hakukasirika. Kizingiti, alisema, ndicho kitu pekee cha nyumba ambacho hata mwenye kiburi hukiinamishia macho anapoingia.

Mawaziri walikuja na kwenda. Kila mmoja alifika na picha ya mkewe, maoni yake kuhusu mapazia, na maono makubwa juu ya elimu ya taifa. Kizingiti aliwafundisha wote kazi. Aliwaonyesha pa kutia sahihi, akawaambia lini wacheke, na ni mgeni gani asishikwe mkono kwa muda mrefu mbele ya kamera. Wakishaiva, walikwenda kwenye televisheni kueleza siri ya mafanikio yao, na siri yenyewe ilikuwa nje ikipanga miadi.

Asubuhi wakurugenzi walipita kwanza mezani kwake.

"Shikamoo mama. Hali ya hewa ikoje leo?"

"Mawingu."

"Na mvua?"

"Kama umekuja na habari za bajeti, rudi kachukue mwavuli."

Wakarudi, wakashukuru. Hakuna idara ya utabiri iliyoaminiwa hivyo.

Lakini ufundi wake hasa ulikuwa koti. Nyuma ya kiti cha waziri lilining'inia koti la bluu iliyokoza, na mlango uliachwa wazi kidogo tu, ili waliokaa kwenye benchi waone bega moja. Mheshimiwa angeweza kuwa amelala nyumbani, au shambani akihesabu ng'ombe wake. Bega lilikuwa kazini. Kizingiti mwenyewe alilipangusa vumbi kila asubuhi, kwa upole wa mama anayemwandaa mtoto kwenda shule. Neno "hayupo" halikuwahi kutamkwa katika chumba kile. Mheshimiwa alikuwa kikaoni. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Ni wazi wahenga hawakuwahi kufanya kazi wizarani. Pale, asiyekuwepo ndiye aliyekuwa na yote.

Jambo la pili lililompa jina ni kwamba mlango wake haukuwa na undugu. Mheshimiwa alikuwa na mpwa idara ya ununuzi, shemeji idara ya magari, na binamu aliyelipwa kwa kazi ambayo hakuna aliyeweza kuitaja. Kizingiti hakuwa na mtu. Kwenye sherehe ya kufunga mwaka waziri alimsimamisha, akamsifu mbele ya watumishi wote: "Huyu mama hana ndugu!" Watu wakapiga makofi. Akapewa saa ya ukutani, na kwa muda mrefu aliona kwamba amesifiwa.

Basi asubuhi moja mdogo wake wa tumbo moja akapanda zile ngazi. Alikuwa mwalimu katika shule ya mbali, mbali kiasi kwamba hata wakaguzi waliiandikia taarifa nzuri bila kufika. Alitaka uhamisho, arudi karibu na mama yao, ambaye macho yalikuwa yamemwacha na aliishi peke yake. Kizingiti aliwahi kumchukua mama akae naye mjini. Mama alivumilia kwa muda, akaomba arudishwe kwake. "Asubuhi unanifunga, jioni unanifungua," alisema. "Mimi si kabati, mwanangu."

Uhamisho ulikuwa umefungwa, na aliyeweza kuufungua ni waziri peke yake. Kesho yake waziri alikuwa anasafiri kwenda ng'ambo, na angerudi shule zikiwa zimeshafunguliwa, kila mwalimu amefungiwa kituoni kwake mwaka mzima. Ilikuwa leo au basi. Mwezi uliotangulia Kizingiti alikuwa amemwambia mdogo wake kwenye simu, "Njoo kama watu wote." Akaja kama watu wote.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Jina na shida yako."

"Jina alinipa mama yako. Shida yenyewe ni mama huyohuyo."

Benchi likacheka. Kizingiti akarekebisha kalamu ambazo hazikuwa zimepinda.

"Kaa, mwalimu. Utaitwa."

Mwalimu akakaa katikati ya watu wawili: mkandarasi wa madawati, na mzee wa kamati ya shule ambaye paa la shule yake lilikuwa limechukuliwa na upepo. Mzee alikuwa amelifuatilia paa hilo hapo wizarani mara nyingi hivi kwamba mapokezi walimwita Mzee Paa.

Baada ya chakula cha mchana, kengele ikalia. Krrr.

"Nani wako nje?" akauliza waziri, akijitazama kwenye kioo cha simu.

"Mkandarasi wa madawati, Mzee Paa, na mwalimu mmoja wa uhamisho."

"Mwalimu gani?"

Hapo ndipo neno "mdogo wangu" lilipopanda hadi kooni mwa Kizingiti. Lilifika, likakaa kimya kama mgeni aliyeambiwa asubiri.

"Mwalimu tu, Mheshimiwa."

"Waambie niko kikaoni." Akavaa kofia. Kizingiti alikijua kikao hicho. Kilifanyika kwa kinyozi, nyuma ya posta, kila mara kabla ya safari yenye kamera, na ajenda yake ilikuwa moja: mvi za serikali kugeuzwa nyeusi. Ukarabati ulichukua alasiri nzima, maana ulianza kwa kidevu, ukapita usoni, ndipo ukapanda juu. Kingine chochote nchini kingeweza kuvuja, hilo halikuvuja. Mheshimiwa akatoka kwa mlango wa nyuma. Bega likabaki.

Benchi likaendelea kusubiri kwa adabu.

"Kikao kimenoga," akasema Mzee Paa. "Hata kukohoa hawakohoi."

"Wanatafakari, mzee," akajibu mkandarasi.

"Mbona lile bega halijatikisika tangu nifike?"

"Kiongozi hodari hatikisiki."

"Paa letu nalo lilikuwa hodari hivyohivyo," akasema mzee, "mpaka siku moja."

Mwalimu hakucheka. Aliinuka akaenda kuchota maji kwenye mtungi wa korido, na Kizingiti, ambaye hakuwa na kiu, akamfuata.

"Dada, ataniona kweli?"

"Subira, mdogo wangu."

"Subira ninayo. Mama ndiye hana. Wiki iliyopita alimimina chai. Kikombe hakikuwepo, mkono wake ukawepo."

Kizingiti akashika ukuta. "Ameungua? Kwa nini hukuniambia?"

"Nilipiga simu hapa. Ukapokea wewe mwenyewe."

"Mimi?"

"Nikasema, dada, ni mimi. Ukasema Mheshimiwa yuko kikaoni, ukakata."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu. Kizingiti akajaribu kuikumbuka simu hiyo, na jambo la aibu ni kwamba hakuikumbuka. Maneno yale mdomo wake ulikuwa umeyazoea mno. Yalitoka yenyewe, kama mlango wenye springi unavyojifunga bila kujali ni nani amebaki nje.

"Ameungua wapi?"

"Kiganja. Jirani anambadilishia bandeji. Anakula kwa mkono wa kushoto, anasema ukubwani anajifunza ustaarabu mpya." Mwalimu akanywa maji, akakitikisa kikombe kikauke. "Unamjua mama yako. Hata akiungua anatania."

Wakarudi kila mmoja mahali pake. Kizingiti akakaa. Simu ikaita, akaiacha iite. Mkandarasi akageuza shingo, maana hakuwahi kusikia simu ya chumba kile ikiita mara ya pili. Mwishowe jua likaanza kuingia kwa dirisha la magharibi na kulipaka bega rangi ya dhahabu, likawa na heshima zaidi kuliko mwenyewe.

Mwalimu akachukua mkoba wake.

"Nawahi basi, mama. Nikilikosa hili, nalala stendi."

Alimwita mama, kama wageni wote walivyomwita. Hakukusudia kumchoma. Alikuwa amekaa kwenye benchi siku nzima, akajifunza lugha ya benchi.

"Subiri," akasema Kizingiti.

"Nimesubiri, mama."

Kizingiti akasimama. Hakunyoosha sketi. Akaizunguka meza kwa upande ambao hakuwahi kuuzunguka mchana wa kazi, akafika kwenye benchi, akamshika mdogo wake mkono na kumketisha, naye akajibana pembeni yake. Benchi lilikuwa gumu kuliko alivyodhani, na kutoka pale bega lilionekana lilivyo: koti, na ndani yake hewa.

Mzee Paa akasogea kumpisha. Mkandarasi akajifanya anasoma tangazo la kuzuia rushwa.

Kizingiti akamsogelea mdogo wake sikioni, na kwa sauti ile aliyowatunzia mawaziri waliosahau kufunga zipu, akanong'ona:

"Yuko kwa kinyozi, nyuma ya posta, mlango wa kijani. Amepakwa rangi kichwani, hawezi kukimbia mpaka aoshwe. Nenda sasa hivi. Mwambie wewe ni mdogo wangu."