Biro ya Pili

Mimi ni mwanamke wa kushuku, na siombi radhi kwa hilo. Huku Kolwezi asiyeshuku huuziwa mpaka mlango wa nyumba yake. Kwa hiyo jioni ile nilipomsikia mume wangu nje akizungumza kwa simu kwa sauti ya chini, niliacha sufuria jikoni nikatega sikio.

"Unikatie tu nafasi," alikuwa anasema. "Mi nataka biro ya pili, yangu mwenyewe. Mama hana lazima ya kuingia mule."

Asiyejua mambo ya kwetu aelewe: mama ni mimi mkewe, biro ni ofisi, na biro ya pili ni mwanamke wa nje. Mwanamume akichelewa kurudi husema alikuwa biro, na mtaa mzima hujua ni biro ipi. Nimezaa naye watoto watatu. Nimefundisha shule ya msingi miaka yote hii ili nyumba yetu ipate bati na sakafu ya saruji, na sasa anamtafutia mwenzangu nafasi. Niliumia, lakini nilinyamaza. Mwizi ukimpigia kelele mapema, unamfundisha kujificha.

Jumamosi hakuja mwanamke, alikuja fundi wa kompyuta, mtu ninayeimba naye kwaya parokiani. Mume wangu akanieleza mbele yake kwamba kompyuta yetu, ile ninayochapia mitihani ya wanafunzi, itawekewa mfumo wa pili kando ya Windows. Windows itabaki yangu na ya watoto. Linux itakuwa yake, kwa sababu mwenzake wa kazini amempa programu ya kuchorea inayotembea kwenye Linux tu. Yeye ni karani wa wapima ardhi katika mgodi mmoja hapa. Kumbe biro ni hiyo: kwa Kifaransa ndivyo kinavyoitwa kioo cha mbele cha kompyuta chenye alama za mafaili. Mwanamke mwingine angecheka akaenda kupika. Mimi nilivuta kiti nikakaa nyuma ya fundi.

Kwanza alinakili mafaili yangu yote kwenye diski ya nje, maana, alisema, diski ya ndani ikikatwa vibaya hakuna cha kuokota. Diski hiyo ya nje niliichukua nikaifunga kwenye kitenge kiunoni. Kisha akaanza kukata. Kwenye kioo diski yetu ilionekana kama kiwanja kinachogawiwa warithi, na mpaka ulikuwa unasogea, unasogea, upande wangu unazidi kunywea. Nikauliza mbona anayekuja mwisho ndiye anayepewa pakubwa. Mume wangu akasema michoro ni mizito. Nikauliza michoro ya nini. Akasema ya kazi, akaenda kumtafutia fundi maji ya kunywa.

Kazi ilipokwisha fundi alinionyesha namna ya kuwasha. Kioo kinakuwa cheusi, majina mawili yanatokea, unachagua kwa kitufe cha mshale. Ukizubaa kidogo, kompyuta inaingia yenyewe kwenye Linux, na huko inadai neno la siri. Yaani nikichelewa kidogo tu, najikuta mlangoni kwa mume wangu, na mlango umefungwa. Halafu fundi akaongeza, bila ubaya wowote, akimwita mume wangu tata, yaani baba, jambo lililonimaliza.

"Mama, ku upande ya tata, atakuwa anaona bitu byako byote. Ku upande yako, bya kwake hautabiona."

"Batu babili mu nyumba moya," nikamwambia, "mumoya anaona, mwingine haone. Iyo ni ndoa ao ni prizo?"

Fundi alicheka kusikia ndoa ikifananishwa na gereza, akasema si yeye aliyeitunga mifumo hiyo.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalijaa nyumbani kwangu. Mume wangu alianza kukaa na kompyuta mgongo ukiwa ukutani, ili mtu asipite nyuma yake. Nikileta chai, anaifunga kompyuta. Jumamosi nyingine alipanda pikipiki kwenda Musonoi kumwona rafiki, akarudi na viatu vilivyooshwa. Mwanamume gani anaosha viatu njiani? Asipokuwepo nilijaribu maneno ya siri: jina la mama yake, majina ya watoto, timu yake ya mpira. Jina langu nililiacha la mwisho, na lilipokataliwa niliumia kuliko nilivyotegemea.

Jumapili moja baada ya misa, watoto wakiwa kwa shangazi yao, nilimwekea kompyuta mapajani nikamwambia aifungue. Akaandika neno lake, akanigeuzia kioo.

Hakukuwa na picha ya mwanamke. Ilikuwa nyumba yetu. Niliitambua sebule, nikatambua jiko, na chumba cha watoto. Kutoka chumba hicho mstari ulishuka moja kwa moja ardhini, na kule chini ukageuka, ukapita ukuta wetu, ukaingia chini ya nyumba ya jirani.

Sisi tunakaa karibu na Kasulo, ambako watu walichimba kobalti chini ya vitanda vyao wenyewe. Nina wanafunzi ambao baba zao walishuka na hawakupanda. Mume wangu anawajua, kwenye matanga tulikaa pamoja.

"Baachetere ba Musonoi balipima libwe ya hapa kwetu," akasema, akimaanisha wanunuzi wa mawe ya madini, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. "Madini iko ya muzuri, mama. Bote banachimba. Njo siye tu tunabakia kuangalia."

Nikamwambia nilidhani ni mwanamke. Akacheka kwa nguvu, akaonekana ametua mzigo, kana kwamba tumeshapatana. Mimi sikucheka. Mwanamke ningemwitia wazee na padri; shimo ningeliitia nani? Siku ile, Mungu anisamehe, nilitamani mume wangu awe na mwanamke.

Nilikwenda chumba cha watoto nikasukuma kitanda. Kwenye saruji palikuwa na mraba uliochorwa kwa penseli, pembe zake zimenyooka vizuri. Pembe moja ilikuwa imeshaanza kumeguliwa.

Tangu siku hiyo nimehamia chumba hicho. Godoro langu liko juu ya mraba, na mume wangu analala peke yake upande wa pili. Jambo kama hilo halifichiki mtaani. Juzi mama jirani alikuja na bakuli la unga wa mihogo, akanishika mkono, akaniuliza taratibu kama ni kweli tata amepata biro ya pili. Ningeweza kumtetea mume wangu. Lakini nikisema ukweli kwamba chini yetu kuna madini, kesho mume wake naye atasukuma kitanda cha watoto wao.

Nikamwambia ndiyo, anayo.